Kitanda cha Baba Mkwe

Godoro lilianikwa juu ya ua, upande unaotazama barabarani, na watu wa Maji ya Chai si watu wa kuona godoro wakapita kimya. Aliyebeba tenga la nyanya alilitua. Aliyekuwa anakimbilia basi aliahirisha safari. Waliuliza kama kuna mtoto aliyekojoa au mgonjwa aliyefariki, wakajibiwa kwamba hapana, hakuna aliyekufa, ni mwalimu kalala kwenye kitanda cha baba mkwe wake.

Mwalimu ndiye mimi. Nafundisha shule ya msingi huku Moshono, nina watoto wakubwa na miwani ya kusomea, na katika umri wa kuitwa bibi nilifanya jambo ambalo hata bibi harusi wa wiki moja anajua kuwa halifanyiki. Kwa Wameru nilikoolewa, kama kwetu Uchagani nilikozaliwa, mwanamke haingii chumba cha baba mkwe wake. Akikaa mzee kula, unapita mlango wa nyuma. Akiingia mahali ulipo, unasimama, unainama kidogo, unatoa shikamoo yako kwa mbali, kisha unatafuta kazi ya kufanya jikoni hata kama jikoni hakuna kazi. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kubadilishana na yule mzee sentensi mbili zilizofuatana. Tuliheshimiana kwa kukwepana, na kwa njia hiyo tulielewana sana.

Sasa nieleze uvivu wangu, maana ndivyo ulivyoitwa.

Ulianza kidogokidogo. Nikisimama ubaoni, pumzi inakatika katikati ya sentensi na chaki inakuwa nzito. Nikikaa kitini napata nafuu ndogo. Nikilala chali, pumzi inarudi yote, kichwa kinatulia, naweza hata kuimba. Mgonjwa wa kawaida akilala ndiyo anakohoa na kuomba mto wa pili. Mimi nikilala napona, nikiinuka kufanya kazi naugua. Kama ningekuwa jirani yangu mwenyewe, ningejisengenya.

Nilikwenda zahanati si mara moja. Kila mara walinilaza kwenye kile kitanda chao chembamba, wakanipima nikiwa nimelala, wakasema, "Mama, mbona uko vizuri?" Wakanipima damu wakitegemea kuikuta imepungua, wakaikuta nyingi kupita kiasi. Habari hiyo ilimfikia mama mkwe kabla sijafika mimi. Alisema, "Damu imemjaa mpaka midomoni, na bado analala!"

Kuhusu midomo hakukosea. Ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau, na kucha vivyo hivyo, kama mtu aliyetoka kula zambarau zenyewe. Minong'ono ikaanza kwamba mwalimu anakunywa, tena anakunywa ile isiyo na lebo. Nilipoisikia nilikwenda dukani nikanunua rangi ya midomo na rangi ya kucha, zote damu ya mzee, nikajipaka ili pasionekane kitu. Wanawake wa kanisani wakatazama, wakaangaliana, wakaamua kwamba nina bwana mjini. Nikatoka kwenye ulevi nikaingia kwenye umalaya kwa chupa moja ya rangi.

Mama mkwe alikuwa na ulimi, na mimi pia ninao, kwa hiyo hatukuchoshana. Siku moja alinikuta nimejinyoosha kwenye mkeka chini ya migomba, akawaambia wageni wake, "Tulisikia Wachaga wanauza mpaka kivuli. Huyu wetu anakilalia." Wakacheka. Nami nilicheka, nikiwa chali, nikamjibu kwamba aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Lakini nilipogeuza uso upande wa mgomba machozi yalinitoka. Nilikuwa naona aibu. Nilikuwa nimelelewa na mwanamke aliyeuza pombe ya mbege tangu alfajiri na kulima mchana, na mimi, binti yake, nilishindwa kusimama mpaka ugali uive.

Siku ya godoro palikuwa na sherehe ya kipaimara, mtoto wa shemeji yangu. Nani asiyejua shughuli za namna hiyo? Ng'ombe kachinjwa, maturubai yamefungwa, wanawake wamesimama tangu asubuhi. Nilipewa sufuria kubwa la ndizi nilikoroge. Nilijiambia kwamba leo sitakaa, hata nikifa, na kama nikifa basi nife nimeshika mwiko. Nilikoroga. Moshi ulikuwa mwingi, nikausingizia moshi. Halafu ule weusi ukaanza kuingia pembeni mwa macho, masikio yakaanza kuvuma, na nikajua kwamba nikibaki pale nitaangukia ndani ya sufuria.

Niliingia ndani kwa mlango wa nyuma. Sebuleni palijaa wageni. Chumba cha wasichana kilifungwa kwa sababu ya zawadi. Mwisho wa korido palikuwa na pazia, nyuma ya pazia palikuwa na kitanda. Nilikiona kitanda. Sikuona ni cha nani.

Pumzi iliporudi, na ilirudi upesi kama kawaida yake, ndipo nilipoiona kofia kwenye msumari, fimbo pembeni, na koti la kanisani la mzee. Blanketi nililolalia lilinuka ugoro. Nilikuwa hata nimevua viatu na kuvipanga vizuri, jambo ambalo baadaye lilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba sikuzidiwa. Kabla sijainuka pazia likafunguliwa. Alikuwa mama mkwe. Hakupiga kelele. Alinitazama, akalirudisha pazia polepole, na nikasikia hatua zake zikienda kuwaita wanawake wa ukoo.

Waliniweka katikati yao jikoni. Waliuliza kama nimekunywa. Nikasema hapana. Mmoja wao, shangazi wa mume wangu, akasogea akaninusa mdomo, mbele ya wakamwana ambao ningeweza kuwazaa. Hapo ningenyamaza, ningelia, ningepiga magoti, mambo yangeishia palepale jikoni. Lakini mdomo wangu huu haujawahi kunisaidia. Nilimwambia, "Mkimaliza kuninusa mimi, mkalinuse na godoro."

Basi walilitoa wakalianika juu ya ua. Siku tatu nzima.

Wazee wakakaa, na uamuzi wao ulikuwa mfupi. Mgonjwa hana kosa, mzima analo. Kama naumwa kweli, hakuna neno. Kama siumwi, basi nisikanyage pale nyumbani mpaka nije na kondoo, nisimame mbele ya ukoo wote, niseme kwa kinywa changu kwamba nilikuwa nimelewa. Na mpaka hapo jambo litakapokwisha, mzee asilale chumbani mwake. Alihamia kwenye kochi la sebuleni, mtu wa umri ule, miguu ikining'inia. Mume wangu aliponiambia habari ya miguu nilifunika uso kwa kanga. Mengine yote ningeyabeba kwa ulimi, lile la kochi sikuliweza.

Mume wangu ni mtu mpole, na upole wake ulikuwa umechoka. "Mama," aliniambia, "ama unaumwa, ama huumwi. Twende mjini tukajue."

Nikalazwa hospitali moja pale mjini. Muuguzi alinifuta rangi ya kucha kwa dawa, kidole kwa kidole, akanibana kidoleni kile kibanio cha kupima hewa kwenye damu, na waya wake ukaingia kwenye mashine yenye namba. Nililala chali nikiitazama. Tisini na saba. Asubuhi tisini na saba, jioni tisini na saba. Walinipima mapafu, wakanipima moyo kwa juujuu, vyote nikiwa nimelala kama ilivyo desturi ya hospitali, na hapakuwa na kitu. Midomo ilirudi kuwa midomo. Daktari, dada mmoja kijana mwenye sauti ya kuchoka, alisema huenda ni mawazo, huenda ni umri, na kwamba kesho yake ataniruhusu.

Sijui kama wewe umewahi kuomba ugonjwa. Mimi niliuomba. Wenzangu wodini walikuwa wanaomba kupona, na mimi, pamoja nao, macho nimefumba, nilimwomba Mungu anionyeshe niko vibaya. Niliona aibu kwa lile ombi hata nilipokuwa nikiliomba. Lakini nilikuwa nimeshaanza kujiona nimesimama mbele ya ukoo, kondoo pembeni, nikisema nililewa. Na kibaya zaidi, nilikuwa nimeanza kuamini kwamba wao ndio wakweli. Pengine kweli nilikuwa mvivu tu, uvivu wa kiwango cha kumpumbaza hata mwenye mwili.

Kesho yake, nikisubiri kuruhusiwa, mlango wa wodi ukafunguliwa akaingia mume wangu, na nyuma yake baba yake.

Hakuna aliyenitayarisha. Mzee hakuwahi kuja mjini kwa ajili ya mkamwana. Alikuwa na kofia mkononi na lile koti la kanisani, na macho ameyapeleka dirishani, kama heshima inavyotaka. Nami nilikuwa nimelala. Nimelala tena mbele yake, na gauni la hospitali lisilofunga nyuma! Sikuwaza. Mwili wenyewe uliruka kitandani, nikajifunga kanga, nikasimama wima, nikainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

Marahaba haijamtoka mdomoni, mashine ikaanza kulia.

Ililia kwa sauti ya kuudhi, wodi nzima ikageuka. Nilisimama palepale, maana huwezi kurudi kulala mbele ya mkwe kwa sababu chombo kimepiga kelele. Daktari akaja mbio akidhani kibanio kimechomoka. Alikikuta mahali pake. Alitazama namba, na mimi nikaitazama. Themanini na kitu. Kisha sabini na kitu. Akanisukuma begani nikalala, na namba zikaanza kupanda, taratibu, mpaka zikafika juu kule zilikozoea. Akanitazama midomo.

"Mama, hebu simama tena."

"Mbele ya mkwe wangu?" nilinong'ona.

"Mbele ya mashine."

Nikasimama. Zikashuka. Nikalala, zikapanda. Akanisimamisha mara nyingine, akawaita wenzake, nikawa nainuka na kulala, nainuka na kulala, kanga nimeishika kifuani, na mzee wa watu amesimama mlangoni hajui pa kuweka macho. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mwishowe aliacha kutazama dirisha. Akamuuliza mwanawe, kwa Kiswahili ili nami nisikie, nadhani, "Ile namba ni ya nini?"

"Ni hewa iliyoko kwenye damu yake, baba."

"Akisimama inashuka?"

"Inashuka."

Mzee aliitazama mashine kwa muda. "Na huyu amekuwa akinisimamia miaka yote hii."

Akavaa kofia yake akatoka. Hakuaga. Nilibaki nimelala na tisini na saba yangu, nikijua nimemkosea kwa mara ya pili.

Ugonjwa ulipatikana siku zilizofuata. Waliniingizia kwenye mshipa maji ya chumvi waliyoyatikisa mpaka yakawa na mapovu, kisha wakautazama moyo wangu kwenye kioo, kwanza nimelala, halafu nimekaa. Nilipokaa, mapovu yalivuka kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto, kupitia mahali pasipo na njia. Daktari alinieleza kwamba kila mtoto tumboni ana kitundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Kwa wengi kinajifunga wakishazaliwa. Kwa baadhi hakijifungi na wanazeeka nacho bila habari. Changu kilikaa kimya miaka mingi, ila kadiri umri ulivyokwenda moyo ulijipinda kidogo, na sasa kila nikisimama mkondo wa damu ulilenga moja kwa moja kwenye kile kitundu. Damu iliyotakiwa kwenda mapafuni kuchukua hewa ilipita njia ya mkato, ikaenda mwilini ilivyo, nyeusi, na mwili ukazidisha damu kufidia hewa iliyopungua. Nikilala, mkondo unahama. Kwa hiyo kila aliyenipima nimelala alipima mtu mzima.

Mume wangu alilia. Mimi nilicheka kwa sauti, nikaomba waniandalie habari hiyo kwa lugha ya mama mkwe.

Kuziba ilibidi twende Dar es Salaam, kwa wenye mitambo. Nilidhani watanipasua kifua, nikaandaa roho. Kumbe wanapitia kinenani, na hapo roho niliyoiandaa haikutosha. Kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho aliniambia kwa adabu kwamba lazima paondolewe nywele. Nilitazama dari nikajisemea kwamba aibu nazo zina daraja, na mimi nimekwisha kusoma hadi chuo kikuu. Walinichoma ganzi, wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, na ndani ya mrija kikapita kifaa kilichokunjwa. Sikusikia maumivu, nilisikia moyo ukirukaruka kidogo na watu wakiongea kwa sauti ya chini. Kwenye kioo nilikiona kikifunguka upande mmoja wa ukuta, kisha upande wa pili, kama kifungo cha koti chenye nyuso mbili kinachobana kitambaa katikati. Mtu mmoja akasema, "Kimekaa." Basi.

Kisha waliniamuru nilale chali bila kukunja mguu, nusu siku nzima. Maisha yangu yote sijawahi kupewa amri niliyoizoea vile.

Kesho yake wakanisimamisha, kibanio kidoleni. Tisini na sita. Tukangoja. Tisini na sita. Muuguzi akasema nikae sasa, inatosha. Nikamwambia aniache kidogo. Nilisimama pale kando ya kitanda kwa raha yangu, sifanyi kitu, sipiki, sifundishi, nimesimama tu.

Tuliporudi Arusha habari zilikuwa zimeshatangulia. Mgonjwa hana kosa, kwa hiyo kondoo, ambaye mume wangu alikuwa ameshamnunua, alisamehewa, kwa maana ya kwamba aliliwa na wengine. Nilirudi darasani. Maji ya Chai sikwenda. Mume wangu alisema tunaitwa, nikasema wiki ijayo, na wiki ijayo nikasema nyingine. Niliogopa uso wa mzee. Kusamehewa na ukoo ni jambo moja, lakini mtu aliyetoka mlangoni bila kuaga alikuwa hajasema lolote.

Siku tuliyokwenda sikupaka rangi. Kucha zilikuwa rangi ya kucha. Nilibeba kikapu changu mwenyewe kutoka barabarani mpaka uani, kile kipande cha mwinuko kilichokuwa kinanitoa roho, na mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Mama mkwe alinipokea getini. Alinishika mkono, akaugeuza, akazitazama kucha moja moja. Hakuomba radhi, wala sikutegemea. Alisema tu, "Ingia, mwalimu. Usishangae."

Nilishangaa. Katikati ya sebule, mahali pa kochi, palikuwa na kitanda. Kilikuwa kilekile, cha mninga, chenye ufa kwenye mguu mmoja. Kimetandikwa mashuka meupe yaliyodariziwa, yale ya harusi, juu ya godoro jipya. Viti vya wageni vimepangwa kukizunguka.

"Tangu siku aliyotoka hospitali," mama mkwe alinieleza kwa sauti ya chini. "Alikitoa yeye na vijana. Amesema mwalimu akija hapa asisimame. Mchungaji alitaka kukikalia juzi, akakatazwa."

"Na yeye analala wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Kochi lilikuwa limesukumwa koridoni, blanketi limekunjwa juu yake.

Nilikitua kikapu sakafuni. "Mama, mimi nimepona. Kimezibwa. Tafadhali mwambieni."

"Ameambiwa. Mume wako amemwambia, daktari wenu amemwambia kwa simu. Anasema amesikia." Akatikisa kichwa. "Mwambie wewe, basi."

Alijua siwezi. Ni mkwe wangu. Na yeye hawezi kuniambia mimi lile neno alilokuja nalo hospitali akarudi nalo, kwa sababu hiyohiyo.

Mlango ukafunguliwa, mzee akaingia. Shemeji zangu waliingia nyuma yake, na wanawake wakatoka jikoni wakisingizia kubeba vikombe. Shangazi mwenye pua alikuwepo. Nami nilikuwa nimesimama, bila shaka, nimeinama kidogo.

"Shikamoo, baba."

Hakujibu.

Alisimama, kofia mkononi, macho kwenye kalenda ya kanisa ukutani. Nilidhani hakusikia, masikio ya uzee. Nikarudia. Hakujibu. Watu wote walisimama na vikombe vyao, hakuna aliyekaa, kwa sababu mzee hajakaa, na mzee hakuonyesha dalili ya kukaa. Mguu wake mmoja ulikuwa unatetemeka kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shikamoo ya kusimama hataipokea tena kutoka kwangu, na kwamba atasimama pale mpaka mmoja wetu aanguke.

Nilivua viatu nikavipanga pembeni. Nilipanda kitandani kwake, mbele ya ukoo mzima, mchana kweupe, nikalala chali na kunyoosha miguu. Nilikuwa mzima kabisa, pumzi tele, na katika aibu zangu zote sijapata kuona kama ile.

"Shikamoo, baba," niliiambia dari.

"Marahaba," akajibu, na ndipo naye akakaa.